Mitungi Iliyonukia Uwanjani

Mjukuu wangu wa kike alikuwa akisoma chuo upande wa Mkoani. Mwaka wake wa mwisho akapangiwa mafunzo ya vitendo, wenyewe huyaita fildi. Wenzake walipelekwa maofisini, yeye akapewa idara ya michezo ya hapo hapo chuoni, kazi yake kuhakikisha michezo haiachi taka.

Nikamuuliza, "Mpira na taka wapi na wapi?"

Akanichukua nikauone uwanja baada ya mechi. Wallahi, chupa za plastiki zilitandaa kama dagaa walioanikwa, upepo unazisukuma kwenye mikoko.

Msimamizi wake akamwambia mechi ya mwisho, na chuo cha jirani, atakuja mwenyewe. Akiona chupa, hasaini. Na bila ya saini yake, mtoto hamalizi chuo.

"Bibi," akaniambia, "nataka mitungi yako, watu wanywe humo, chupa zisije."

Nikatoa yangu, nikaazima na ya majirani hapa Wambaa. Asubuhi ya mechi niliifanya kama nifanyavyo mgeni akija: nikaiosha, nikaipindua juu ya chetezo, nikaifukiza ubani na udi mpaka ikanukia, ndipo tukatia maji. Mgeni hapewi maji yanayonuka udongo.

Wageni wakaja. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao pia, lakini siyaandiki, wengine leo ni watu wazima wenye heshima zao. Nahodha wao akateka kikombe, akakipeleka mdomoni, akanusa, akakitua.

"Yakhe, msinywe! Haya yamesomewa, tufungwe!"

"Nani kayasomea?" mjukuu wangu akauliza.

"Kama hayakusomewa, ubani wa nini? Mpira na ubani wapi na wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Bi mkubwa, humo mtungini mmetufunga mangapi?"

Nikateka, nikanywa mbele yao mpaka tone la mwisho.

"Ah, wewe si unayo kinga yake!"

Vijana wawili wakatoka mbio kwenda dukani kununua maji ya chupa. Na msimamizi huyo anaingia uwanjani.

Iliniuma, wala si kwa kejeli zao. Vyama vya siasa vilipoingia, mtaa wetu ulikatika vipande. Nyumba niliyokuwa nikiazima chumvi ikawa hainywi maji yangu, nami siyanywi yao, miaka. Nilidhani yale yamekwisha. Nikamwona mtoto wa watu ananusa kikombe changu, na yote yakanirudia.

Mjukuu wangu hakubishana. Akauinamisha mtungi, akayamwaga maji yote chini, na wa pili, mpaka yote mitupu.

"Haya, kaka zangu," akasema. "Kisima cha msikiti kile pale. Osheni wenyewe, choteni wenyewe, na mitungi ikae upande wenu. Waiteni wenzenu warudi."

Nahodha akamtazama, kisha akapiga mluzi, na wale wawili wakarudi mikono mitupu. Mwenyewe akaubeba mtungi mkubwa begani.

"Ushike vizuri huo!" nikamwambia. "Nimeachiwa na bibi yangu."

"Nimeushika, bibi."

Wakaisugua kwa mchanga mpaka harufu yote ikatoka. Wakajaza, wakanywa, na wetu wakanywa humo humo, kila mtu kwa kikombe chake cha bati.

Wakatufunga. Vijana wetu wakanijia juu: "Bibi, umewaacha wakaosha dawa yetu!" Hata walioshindwa wakacheka. Msimamizi akauzunguka uwanja mzima, akaokota kandambili moja iliyokatika, basi. Akasaini hapo hapo, karatasi juu ya paja.

Jua linapinda, nahodha akanirudishia mtungi. Alikuwa ameusuuza na kuupindua ukauke, kama itakiwavyo. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, hata kwetu mama hufukiza mitungi."

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua. Lakini mechi ya mwisho, bibi... ningeanzaje kuwaambia wenzangu wanywe, kisha tufungwe?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia siku atakapooa aniletee habari, mitungi ya harusi yake nitaifukiza mimi.

Akaniletea. Nikaifukiza, na nyumba nzima wakanywa.