Nyumba ya Mlango Mmoja

Mimi ni mwoga, na sikuanza uzeeni. Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mwanafunzi wa kuchora majengo pale Mbeya, niliogopa kila kitu: wino kudondoka, bwana mkubwa kukohoa nyuma ya kiti changu, barua yoyote yenye jina langu juu. Tulikuwa wanafunzi wanne, na mimi pekee ndiye Mhehe kutoka Iringa. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mwisho wa mafunzo kila mmoja atatoa kazi tatu, na kazi ikikataliwa unarudi kwenu. Kurudi kwetu maana yake ilikuwa kumtazama baba usoni, naye alikwisha kutangazia kijiji kizima kwamba mwanawe anajenga miji.

Kazi ya kwanza ilikuwa mtaa wa nyumba za watumishi, pembeni mwa mji, chini ya mlima. Ya pili ilikuwa nyumba yenyewe, vyumba vitatu na sebule. Ya tatu ilikuwa ardhi: miti, njia, na namna ya kuyapitisha maji ya masika yasile kuta. Nilizichora moja moja, na kila moja ilipokubaliwa nilimshukuru Mungu nikaisahau. Mtaani nyumba zote nilizigeuza uso barabarani, kwa kuwa bwana mkubwa alipenda mistari iliyonyooka. Kwenye nyumba, ukuta wa nyuma niliuacha na madirisha tu, bila mlango, kwa sababu upepo wa Mbeya wa mwezi wa saba hushuka mlimani ukakata masikio. Tena nyumba ya babu yangu nilimokulia, tembe la udongo lenye paa bapa, ilikuwa na mlango mmoja na sikuwahi kusikia mtu akilalamika. Kwenye ardhi nikachora mfereji wa mawe nyuma ya nyumba, kina chake kiunoni mwa mtu mzima, wa kukinga maji ya mlima. Kila moja peke yake ilikuwa kazi nzuri, na hata leo nasema hivyo.

Nyumba ya kwanza ilijengwa kwa majaribio, akapewa dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, Mnyakyusa wa Rungwe, kijana aliyekuwa na mke mwenye mimba ya kwanza. Walipohamia walinialika chai. Dresa alifungua na kufunga madirisha ya vioo mpaka nikaona haya kwa furaha. Mkewe alitoka, akaizunguka nyumba mara moja, akarudi.

"Shemeji, mlango wa nyuma mmeuweka wapi?"

Nikamweleza habari za upepo. Nilieleza kitaalamu, kidole juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akanimiminia chai nyingine. Sikumuuliza alikuwa anautakia nini. Nikikumbuka kile kidole changu hewani, mpaka leo nasikia aibu.

Mwezi wa saba ukafika. Asubuhi moja, bwana mkubwa akiwa safarini Iringa kukagua daraja, tarishi wetu aliingia chumba cha kuchorea bila kubisha. Naye alikuwa mtu wa Rungwe.

"Mke wa dresa ameanguka kwenye ule mfereji wa nyuma. Wamempeleka hospitali, hajiwezi."

"Ameangukaje?"

"Ametokea dirishani. Baba mkwe wake amekuja."

Ilibidi anieleze, na yeye akashangaa kwamba mtu mzima hajui. Kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hapiti alipo, hakai naye ndani ya nyumba moja. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na wote wawili huilinda. Mzee akifika kwa mwanawe hubisha hodi kwa sauti kubwa, halafu husubiri nje kwa muda, ili mkwe atoke kwa mlango wa nyuma. Akiona ameshapata nafasi ya kutosha, ndipo anaingia. Mzee yule alifanya hivyo hivyo. Na kadiri alivyosubiri kwa adabu pale mlangoni, ndivyo mkwe wake alivyozidi kubanwa ndani, tumbo la miezi saba mbele yake, hana pa kutokea.

Niseme ukweli, sikumfikiria yeye kwanza. Nilifikiria polisi, nikafikiria kesi, nikamfikiria baba. Nilivuta droo nikaitoa ramani ya nyumba. Wakati ule ramani tulizichora kwa wino juu ya kitambaa chembamba, na kosa tulilikwaruza kwa wembe mpaka likatoka. Nilichukua wembe nikaanza kuukwaruza ukuta wa nyuma. Nilitaka kuchora mlango pale, ionekane ulikuwapo siku zote na mwashi ndiye aliyeuruka. Mwashi mwenyewe nilimjua, mtu mpole mwenye watoto wengi. Nilikuwa nimefika nusu ya upana wa mlango tarishi aliporudi tena.

"Mzee amesimama nje ya hospitali. Anamtaka aliyechora nyumba."

Niliuacha wembe juu ya meza. Siku bwana mkubwa aliporudi nilimwonyesha ule mkwaruzo na nikasema nilichotaka kufanya, naye akaniamuru nimalizie mlango pale pale, kwa nyumba zote zilizobaki. Lakini hayo yalikuja baadaye, na asubuhi ile sikujua kama kutakuwa na baadaye yoyote. Nilitembea kwenda hospitali nikiwa na hakika kwamba nimeua watu wawili.

Mzee alisimama kwenye ua wa michongoma, mbali na wodi, amevaa shati tu katika upepo ule. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mikubwa ya mtu wa jembe. Nilisimama mbali kidogo, asinifikie.

"Wewe ndiye uliyechora ile nyumba?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilibisha hodi," alisema. "Nikangoja. Nikangoja tena, mpaka nikaona sasa nimezidi. Kule kwangu ningekuwa nimeingia zamani."

Nilingoja kofi. Halikuja. Nikaelewa kwamba alikuwa anajitetea, tena kwangu mimi, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko kama ningepigwa.

"Nikasikia kishindo nyuma," aliendelea. "Basi. Nikakimbia barabarani kuita wanawake." Aliangalia chini. "Mwanangu wamemtuma Tukuyu kupeleka dawa. Mimi siwezi kuingia mule. Nenda wewe. Uliza kama ni mzima. Uliza na tumbo. Halafu uje uniambie, usinifiche."

Nikaingia. Nesi alikuwa ameinama juu ya kitanda, ameweka kile kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo na sikio lake juu ya kipembe. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Nilishika nguzo ya kitanda cha jirani na nikaomba Mungu kwa Kihehe, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoka chote. Nesi hakuwa na haraka. Mwishowe aliinuka.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema. "Mama amevunjika mguu, na alizimia kwa muda. Dakika moja tu, halafu utoke."

Nilisogea kitandani. Mke wa dresa alikuwa macho, midomo imekauka. Juu ya blanketi la hospitali alikuwa amefunikwa koti la mwanamume, jeusi, zito, lenye vumbi la mfereji kwenye mikono.

"Shemeji," alisema.

"Nisamehe," nilisema. "Ile nyumba ni kosa langu."

Alikuwa analishika lile koti kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la sufuria.

"Nilizimia kule chini. Nilipozinduka, wanawake walikuwa hawajafika, na hili lilikuwa juu yangu. Nimewauliza wote, hawalijui. Koti la nani hili?"

Ndipo nikaelewa kwa nini mzee alisimama na shati tu. Kabla ya kukimbilia barabarani alikuwa amefika mferejini. Alikuwa amemwona pale chini, gauni limepanda, na akamsitiri. Na huyu aliruka dirishani na mimba yake ili jambo hilo hilo lisitokee. Macho yake yalikuwa yamenikazia, na niliona kwamba mguu hakuuogopa, aliliogopa jibu langu.

"Langu," nilisema.

Akanitazama. Kwa ajili ya baridi nilikuwa nimevaa koti langu, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alilitazama kwa muda mrefu, kifungo baada ya kifungo.

"Asante, shemeji," alisema, akalivuta lile jingine mpaka kidevuni, akafumba macho.