Mkutano wa Kiwanda cha Kahawa

Nilipopata safari ya semina ng'ambo, mama aliniita nyumbani kwake, mtaa wa Tena, akanituma jambo moja tu: nimrudishe dada. Alikuwa akingoja kupasuliwa uvimbe tumboni, na hakutaka kuingia chumba cha upasuaji bila kifungua mimba wake kumshika mkono. Dada hakuwa amekanyaga nyumbani miaka kumi na ushei. Hata baba alipozikwa hakuja. Mtaani walisema amesahau kwao, nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Dada alitaka tukutane kwenye kiwanda cha kukaanga kahawa ambacho hupokea wageni. Kilikuwa kikubwa kama maghala ya Industrial Area, magunia yamepandana karibu kufika darini, na meza zilipangwa katikati ya mitambo. Buni zilizunguka kwenye mapipa ya chuma kwa mngurumo uliotulazimu kuinamiana ili tusikizane. Kahawa yenyewe ilikuwa na uchachu wa ndimu. Kwetu ni watu wa chai. Ilinishinda, na dada akacheka kidogo. Alikuwa amekonda.

Nikampa habari za mama. Akawa anatazama mlangoni. Nikamuuliza kama roho yake imegeuka jiwe. Hapo uso wake ukabadilika, lakini si kwa ajili ya maneno yangu.

"Usigeuke," alisema. "Kunywa tu."

Wanaume wawili wenye sare walikuwa wameingia. Niliwaona kwenye kioo cha ukutani mbele yangu. Mmoja alizungusha macho ukumbini, kisha akaja moja kwa moja kwetu. Dada akanishika mkono, kucha zikanichoma. Yule mtu akagusa kiti kitupu kando yangu, akauliza kama kina mwenyewe. Nikatikisa kichwa. Akashukuru, akakibeba hadi meza ya mwenzake.

Dada alikuwa amemwaga kahawa bila kujua.

"Kibali changu cha kuishi hapa kiliisha kitambo," alisema. "Nikitoka, sirudi. Na nikishikwa, mtoto wangu atabaki na nani?"

Sisi wa nyumbani alikuwa akituambia kazi inambana, mwaka baada ya mwaka, ili mama asikose usingizi. 

Nilimwomba amweleze mama mwenyewe, akakubali, nikapiga simu Tena kabla hajabadili nia. Mama akatokea kwenye skrini, leso kichwani. Dada alimweleza kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na simu, huku wale wa sare wakinywa kahawa yao nyuma yetu. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, aliuliza nani mwingine anajua. Dada akasema hakuna.

"Basi kaa na mtoto wako," mama alisema. "Mimi nina huyu wa kunishika mkono. Wewe ulikuwa na nani?"

Dada alifunika uso kwa viganja. Tulikaa hapo mpaka wale watu wakaondoka, ndipo tukatoka, kila mmoja na njia yake.

Mama alipasuliwa niliporudi, na akapona. Shangazi alikuja kumwona hospitalini, akaanza kuuliza yule mkubwa yuko wapi, ni mtoto gani huyo. Mama, akiwa bado mlegevu kwa dawa, alimwambia kwamba mtoto wake yuko mahali anapomlea mwanawe, na kwamba hataki kumsikia tena mtu akimsema vibaya mbele yake.