Diski Namba Ziro

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikishika bisibisi hunirudia yote, pamoja na harufu ya dagaa walioanikwa nyuma ya nyumba na sauti ya Bi Zuhura akitwanga iliki. Ni siku niliyofungua laptopu ya mzee wa watu pale Bangwe, nikaifunga ikiwa nyepesi kuliko nilivyoikuta. Sisemi uzito wa mizani, utanielewa tu.

Nakwambia haya kwa sababu jana nimekuona umeinunulia laptopu yako kuukuu diski mpya, umeiweka mezani na skrubu umeshaanza kuzilegeza. Sikukatazi. Mimi ni nani hata nikukataze? Nilipokuwa na umri wako, hapakuwa na kitu chenye skrubu pale nyumbani Ujiji ambacho sikulijua tumbo lake. Redio ya baba niliifungua, saa ya ukutani niliifungua, na cherehani ya mama niliifungua mara mbili, maana mara ya kwanza ilibaki skrubu moja nisijue ya wapi. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto siku moja atatufungua na sisi." Nikaenda chuo kusoma kompyuta, nikarudi na cheti, na juu ya cheti nikapakia kiburi.

Sasa huyo mzee. Aliitwa Mzee Sudi, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa boti za mbao zinazobeba watu na mizigo kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa. Alipostaafu, kijana mmoja aliyeachiwa usukani aliipandisha boti juu ya jiwe. Watu walipona, magunia ya unga yakazama. Kijana alipoulizwa akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba pale pana jiwe. Neno hilo lilimchoma Mzee Sudi kuliko hasara ya unga. Jiwe lenyewe lilikuwa na jina tangu enzi za babu zake: Jiwe la Shemeji, kwa kuwa maji yakitulia linakuchekea, ukilipa mgongo linakuchoma. Basi akaamua kuandika kitabu. Kila rasi, kila ghuba, kila jiwe kutoka Bangwe kwenda kusini, jina lake, nani alilipa jina hilo, na upepo ukikukuta hapo ufanye nini.

Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alishamwambia kuwa kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kutunza. Kwenye karatasi hakuona tena mstari. Mwanawe aliyekuwa Tabora akamletea laptopu iliyokwisha kutumika, akamwonyesha namna ya kukuza herufi mpaka ziwe kubwa kama ngumi. Mzee akaandika kwa vidole viwili, miaka minne. Na macho yenyewe yalimpa saa mbili tu za asubuhi, baada ya hapo ukungu.

Tatizo ni kwamba ile laptopu ilikuwa mzee mwenzake. Ukiiwasha, unakwenda kunawa uso, unakunywa chai, unarudi bado inajifikiria. Nusu ya saa zake mbili iliishia kwenye kusubiri. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Bi Zuhura, mkewe, ambaye ni rafiki wa mama, nikamwona mzee ameikodolea macho ile mashine inayozungusha kiduara, na mkono umekaa tayari juu ya herufi. Mwanangu, niliona uchungu. Nikasema, "Mzee, hii dawa yake ni ndogo. Tuitoe diski ya zamani inayozunguka ndani, tutie ya aina mpya isiyozunguka. Itawaka kabla hujamaliza bismillahi."

Akaniuliza maswali mengi. Alikuwa mdadisi kunipita mimi, ila mimi sikuujua udadisi wa namna yake. Hiyo diski mpya imetoka kwa walioitengeneza laptopu? Nikamwambia hapana, ni ya kampuni nyingine kabisa. Akataka kujua kama itakubaliwa humo ndani, maana haikuzaliwa nayo. Nikacheka, nikamwambia hata Bi Zuhura hakuzaliwa nyumba hii na leo ndiye mwenye funguo. Bi Zuhura akaitikia kutoka jikoni, "Mwambie huyo!" Tukacheka wote. Kisha mzee akaniuliza swali moja la mwisho.

"Kitabu changu, umekitolea nakala?"

"Nimetoa, Mzee. Usiwe na wasiwasi."

Lishike hilo jibu, mwanangu, maana tutalirudia.

Diski ikaletwa na mtu aliyetoka Dar es Salaam. Nikaitia katika kikasha chake cha nje, nikaiunganisha na laptopu kwa waya, ili nihamishe kila kitu kutoka ile ya ndani kwenda hii mpya, halafu ndipo nifungue na kubadilisha. Ndivyo inavyofanywa, na ndivyo utakavyofanya wewe. Programu ya kunakili ikafunguka, ikanionyesha diski mbili. Zilikuwa na ukubwa sawasawa, kwa hiyo ukubwa haukunisaidia kuzitofautisha. Pembeni ya kila moja palikuwa na jina la kampuni na namba ndefu, ambazo sikujisumbua kuzisoma. Nilichokiona mimi ni namba kubwa za mbele: diski namba 0 na diski namba 1.

Sasa nikuulize, kwetu ziro ni nini? Mtoto akifeli kidato cha nne, mtaa mzima unasema amepata ziro. Ukienda kuvua ukarudi na chombo kitupu, wanakuuliza vipi, unajibu ziro. Mimi nikaona mambo yameshanyooka: moja ndiyo ya kwanza, ile kongwe yenye kitabu, ziro ndiyo tupu, mgeni wetu. Nikaamuru mashine ichukue yaliyomo namba moja iyaweke kwenye ziro. Ikanionya kwa herufi nyekundu kwamba vyote vilivyomo kwenye diski namba 0 vitafutika, je, nina uhakika? Nilicheka peke yangu. Kwenye ziro kuna nini cha kufutika? Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kunywa kahawa na Bi Zuhura.

Kumbe mashine huanza kuhesabu na ziro. Ile ya ndani, kongwe, yenye miaka minne ya vidole viwili, ndiyo ilikuwa ziro. Saa nzima nilikaa pale nikisifia kahawa ya iliki, na hatua mbili kutoka kwangu utupu wa diski mpya ulikuwa unamwagwa juu ya kitabu cha mzee wa watu.

Nilipojaribu kuiwasha ikaniletea kioo cheusi. Nikaelewa hapo hapo. Sikusema ukweli, mwanangu, nilidanganya. Nikamwambia mzee kazi imekuwa ndefu kidogo, naichukua nyumbani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kigoma mjini anayesifika kwa kufufua vilivyokufa. Alihangaika nayo siku tatu. Alirudisha picha chache za harusi na barua moja ya mkopo wa boti. Kitabu hakikuonekana. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaweka mfumo mpya kwenye ile diski mpya, nikaifunga ndani, nikaiwasha. Iliwaka kabla sijamaliza bismillahi, kama nilivyoahidi. Sijawahi kuchukia mwendo wa haraka kama siku ile.

Nikarudi Bangwe. Nikapiga magoti kabisa, "Shikamoo, Mzee," nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Bi Zuhura aliweka kinu chini akajishika mdomo. Mzee Sudi aligeuza uso kuelekea ziwani, na najua hakuwa analiona.

Kisha akasema, "Niambie ulivyofanya tangu mwanzo. Usinifupishie."

Nikamweleza: diski mbili, ziro na moja, na jinsi nilivyojua ziro ndiyo tupu. Hapo akageuka, na nakuapia, niliona udadisi umeipita hasira usoni mwake, kwa muda kidogo tu.

"Ziro ndiyo ya kwanza? Kwa nini?"

Sikujua. Nina cheti, na sikujua. Nikakiri.

Akafikiri. "Binti yangu, mtoto wa miezi minane ana miaka mingapi?"

"Hana mwaka bado, Mzee. Ziro."

"Ziro. Lakini yupo? Ananyonya? Analia usiku watu hawalali?"

"Yupo, Mzee."

"Basi hiyo mashine inahesabu kama mama mzazi. Wewe ulihesabu kama mtaa. Na ungeuliza, hata na mimi nisiyejua kompyuta tungekaa tukaifikiria pamoja." Kisha sauti yake ikabadilika. "Hilo nalisamehe, ni kutojua. Sasa hili lingine. Nilikuuliza umetoa nakala. Ulijibu nini?"

"Nilijibu nimetoa. Nilidhani kule kunakili ndiko..."

"Kiswahili chetu hakina uhaba. Kuna umetoa, kuna unatoa, kuna utatoa. Mimi nilikuuliza la nyuma yako, wewe ukanijibu la mbele yako. Nyinyi vijana mtu anakupigia simu, uko bafuni bado una povu, unamwambia nimeshafika. Kwenye boti yangu hakuna aliyeruhusiwa kusema tumefika mpaka kamba ifungwe. Niliwahi kuona mtu amesema tumefika, akaruka na mzigo kichwani, boti ikarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Tulimwokoa, mzigo haukuokoka."

Nililia. Sikulia kwa kugombezwa, maana hakunigombeza. Nililia kwa sababu nilijua ana haki, na kwa sababu macho yale hayangeweza kuanza upya.

Kwa hiyo tukaanza upya kwa macho yangu. Kila asubuhi nilipanda bajaji kutoka Ujiji mpaka Bangwe kabla sijaenda kazini. Yeye anasema, mimi naandika. Miezi kumi na moja. Na nikwambie, mimi niliyejidai mdadisi, ndipo nilipojua udadisi ni kitu gani. Nilizaliwa kando ya lile ziwa na sikujua kama lina majina. Kuna ghuba inaitwa Kwa Kunyoa, upepo wake unapita kichwani kama wembe. Kuna rasi inaitwa Mama Kaa Chini, kwa sababu ya abiria mmoja aliyesimama kumpungia mtu mkono. Nilimuuliza mpaka alikuwa anacheka, "Wewe sasa umekuwa ziro kweli, umeanza mwanzo." Na kila tukimaliza, kabla sijagusa kikombe, natoa nakala mbili kwenye flashi. Moja Bi Zuhura anaifungia kwenye kopo la iliki, nyingine naondoka nayo. Mzee anauliza, "Vipi?" Najibu, "Kamba imefungwa." Na nilikuwa silisemi hilo mpaka iwe kweli.

Yote yakarudi, isipokuwa jina moja. Kusini kule, baada ya ghuba mbili ndogo, kuna jiwe ambalo ndege waitwao minandi hukaa juu yake kukausha mbawa. Mzee alilijua umbo lake, alijua ulipite kwa mkono gani. Jina alikuwa amelipata kwa nahodha mmoja marehemu, akaliandika asubuhi moja, halafu akaliacha kichwani lipumzike kwa kuwa alijua limeshahifadhiwa. Akaulizia kwa wazee wenzake, kila mmoja akaja na lake. Nikamwambia tuchague mojawapo. Akakataa. Akasema niache mstari mtupu.

Kitabu kilipotoka kiwanda cha uchapaji, macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilimsomea mwenyewe, barazani kwake, siku mbili. Nilipofika kwenye lile jiwe, nikauruka mstari. Akainua mkono.

"Usiruke. Soma."

"Hapa hapana neno, Mzee."

"Pana ziro. Soma."

Nikasoma, "Ziro." Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niendelee. Mpaka leo nahodha kijana akipita na kitabu kile, anafika kwenye mstari huo anajua kwamba hapo pana jiwe, na jiwe lina jina. Aliyelipoteza ni mimi.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyo wangu sasa ananitangulia kila ninapokwenda. Basi fungua laptopu yako. Diski ya kampuni nyingine isikutishe, mgeni naye hujenga nyumba. Ila kabla ya yote toa nakala, uifungue uione kwa macho yako, halafu uniambie umetoa. Soma jina la kila diski, hata zile namba ndefu. Mashine ikikuuliza kama una uhakika, ichukulie kama mzee anayekuuliza kwa heshima, usimjibu kwa kidole. Udadisi wa vidole peke yake hufungua tu. Unaofunga salama ni ule wa kuuliza, na kuuliza si ujinga. Na ukikuta mahali pameandikwa ziro, iwe kwenye mashine, kwenye cheti cha mwenzio au kwenye maisha ya mtu, usipite kama vile hapana kitu. Sogea uangalie.

Mungu akupe mikono mepesi na ulimi usiotangulia kazi. Akulinde na mawe yenye majina, na hilo moja lisilo na jina akulinde nalo zaidi, kwa ajili yangu. Akufikishe, mwanangu, na kamba ifungwe.