Ukuta wa Damu ya Mzee

Wateja walimwita Mama Nyuzi, kwa sababu hakuna siku aliyoinuka kwenye cherehani yake bila uzi kumnasa mahali: kwenye nywele, begani, mara nyingine hata kwenye nyusi. Alishona sare, mapazia, majoho ya kwaya na magauni ya maharusi. Kwa miaka mingi watu walimletea vitambaa wakimwuliza, "Hiki kinanipendeza kweli?" Naye hakuwa mtu wa kusitasita. Alimtazama mteja usoni, akakishika kitambaa, akasema ndiyo au hapana, na mteja akaenda zake ameridhika.

Lakini rangi ya ukuta hakuwahi kuichagua hata mara moja. Alipokuwa mpangaji, ukuta ulikuwa wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hupaka apendavyo. Alipojenga na mumewe, walijenga haba na haba, na rangi zikaja jinsi zilivyokuja. Sebule ilipakwa rangi iliyobaki kwenye ofisi moja alikokuwa akifanya kazi shemeji yake, fundi wa mambo yote. Jikoni pakapakwa iliyobaki sebuleni. Chumba cha kulala kilipata mchanganyiko wa mabaki yote, na hadi leo hakuna anayeweza kukuambia ile ni rangi gani.

Kwa hiyo bomba la bafuni lilipopasuka ndani ya ukuta, na shemeji akalazimika kuubomoa, Mama Nyuzi hakulia kama majirani walivyotarajia. Alianza kuota. Bafu lenyewe lilikuwa dogo. Ukinyoosha mikono yote miwili, vidole vinagusa kuta. Dirisha lake lilikuwa juu, jembamba kama kitabu kilicholazwa. Shemeji alitandaza vigae vyeupe sakafuni, akang'oa sinki la zamani la kijani lililokuwa na ufa, akaweka jipya, jeupe pe. Choo nacho kikawa cheupe. Ukutani akapaka rangi ya kwanza ya kutuliza lipu, nayo nyeupe.

Mume wa Mama Nyuzi alikuwa dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa anaondoka safari ndefu. Alisimama mlangoni mwa bafu na begi lake begani.

"Rangi utachagua wewe," alisema.

"Mimi mwenyewe?"

"Kwani humu ndani kuna mjuzi mwingine wa rangi? Ila nikirudi nikute bafu, nisikute mjadala."

Mama Nyuzi alimsindikiza hadi getini akicheka peke yake. Aliporudi kwenye cherehani akashona mkono wa shati la watu nje ndani, akaufumua, akaushona tena vilevile nje ndani. Akaona heri afunge kazi aende duka la rangi.

Muuzaji, binti mmoja mwenye rangi kavu kwenye kucha zote, alimpa kadi ya rangi. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi kama feni, na ukiifunua yote inakuzidi urefu wa mkono. Mama Nyuzi aliikodolea macho kama mtoto mbele ya peremende. Akaiona moja, moyo ukamwenda mbio. Ilikuwa samawati, lakini si ile ya kupiga kelele. Iliyofifia, kama shati lililofuliwa sana na kuanikwa kivulini.

"Hii! Nipimie hii."

"Mama, polepole," binti akasema. "Rangi ya kwenye kadi na rangi ya ukutani ni ndugu tu, si mapacha. Nenda nayo nyumbani kwanza uone mwanga wako unasemaje."

Mama Nyuzi alirudi na kadi, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la vipande vilivyobaki. Kama mtu anaweza kujaribu gauni kabla ya kulikata, kwa nini asiujaribu ukuta? Akaanza kutafuta vitambaa vya samawati ile.

Sasa, ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mtu mwingine: mama mkwe wake. Alikuwa amehamia kwao baada ya kustaafu upishi wa shule, kazi iliyomwachia mabega mapana na sauti ya kuita watoto mia tano waje kula. Macho yake yalikuwa yameshikwa na presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone na kumwambia wazi kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi, walinde kilichobaki. Mwenyewe hakutaka habari hiyo izungumzwe. "Macho yangu hayana neno," alisema, na aliyethubutu kumshika mkono alirushiwa kiwiko.

Tangu bafu litengenezwe, mambo yalikuwa yamemgeukia. Akiingia kunawa, Mama Nyuzi alisikia sabuni ikianguka, pu! Kisha kopo, kwanga! Kisha maji kumwagika sakafuni.

"Kuna nini, Mama?"

"Sabuni za siku hizi hazina adabu!"

Mama Nyuzi alidhani vigae vinateleza. Akaweka mkeka wa mpira, lakini sabuni iliendelea kukosa adabu.

Siku aliyopata vipande vyake, aliingia bafuni na pini mdomoni, akavibandika vitambaa vya samawati ukuta wa mlangoni na ukuta wa dirishani. Vilimpendeza mno, hadi akacheza kidogo mahali pale padogo na kugonga kiwiko. Lakini ana kanuni yake ya kazi: kitambaa chepesi hukijui mpaka ukiweke karibu na kizito. Akarudi kwenye gunia, akatoka na kipande kikubwa cha joho la kwaya, rangi ile nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, ambayo watu huiita damu ya mzee. Akakitundika nyuma ya sinki, chote, ili ailinganishe samawati yake.

Alikuwa ametoka kidogo kutafuta pini zaidi, mama mkwe akampita, akaingia na kufunga mlango.

Mama Nyuzi alisimama ukumbini akisubiri pu. Bomba likafunguliwa. Maji yakatiririka. Bomba likafungwa. Kimya. Hakuna pu, hakuna kwanga. Mama mkwe akatoka anajifuta mikono.

"Mmenunua sinki jipya?"

"Hapana, Mama. Ni lilelile."

"Usinifanye mtoto mdogo. Lile la jana lilikuwa linajificha. La leo limekaa pale waziwazi kama sahani mezani."

Mama Nyuzi alitoa pini mdomoni moja moja. Alihisi kitu kinapanda kifuani, kama pale gauni lililomsumbua wiki nzima linapokubali ghafla kukaa mwilini.

"Mama, tafadhali. Rudi ndani kidogo."

Alikitoa kile kipande cha joho. "Hebu lishike sinki."

Mkono wa mama mkwe ulikwenda hewani, pembeni kabisa ya sinki, ukapapasa, ukashuka. Mama Nyuzi akakirudisha kitambaa. "Na sasa?" Mkono ukaenda moja kwa moja ukingoni, bila kubahatisha.

Kisha mama mkwe akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Kumbe ni macho. Nilidhani ni nyumba yenu imenichoka."

"Nyumba yetu!" Mama Nyuzi alimkumbatia, na safari hii hakurushiwa kiwiko. "Nyumba yako hii, Mama. Tatizo ni sisi. Tumekupa nyeupe juu ya nyeupe juu ya nyeupe!"

Hapo ndipo shamrashamra zilipoanza. Gunia zima la vitambaa lilibebwa hadi ukumbini. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni kama hakimu, na Mama Nyuzi akawa anabadilisha vitambaa nyuma ya sinki na nyuma ya choo. Manjano: "Naona, lakini kwa mbali." Kijani: "Hiyo nzuri, ila haina nguvu." Zambarau: "Hiyo ni ya mazishi." Walicheka hadi Mama Nyuzi akajichoma pini.

Kisha akaibandika samawati. Aliipiga pasi kwa kiganja, akatamani sana isemwe vizuri.

"Hapo umeweka nini?" mama mkwe akauliza.

"Kitambaa."

"Sioni kitu. Ni kama kuoga ndani ya maziwa."

Nisikufiche, ilimuuma. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepewa ukuta, na rangi aliyoipenda ilikuwa ndiyo inayomfukuza mwenzake bafuni. Aliishikilia mkononi kwa muda. Halafu akaikunja, akaiweka kando, na akairudisha ile ya joho.

"Hiyo!" mama mkwe alipaza sauti ya kuita wanafunzi mia tano. "Inaitwaje?"

"Damu ya mzee."

"Na mzee humu ndani ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi ni yangu. Pakeni!"

Shemeji alipokuja asubuhi na msasa na brashi zake, alishika kichwa. "Damu ya mzee bafuni? Shemeji, wageni wataingia kunawa watoke mbio kwenda kituo cha polisi!"

"Wakikimbia, sabuni zetu zitadumu."

"Na chumba chenyewe kidogo hivi? Kitakuwa shimo. Utaoga na tochi."

Hapo alikuwa na hoja, na Mama Nyuzi alijua. Alikaa ukingoni mwa ndoo akiutazama mwanga wa lile dirisha jembamba, jinsi unavyoanzia juu na kuteremka ukuta mmoja tu. Gauni halishonwi zito pande zote, aliwaza. Hushonwa zito pale panapobeba kazi. Ukuta mmoja tu, ule mrefu wenye sinki na choo, ndio uwe damu ya mzee. Zile kuta nyingine tatu ziwe manjano hafifu ili zirudishe mwanga. Na dari, ambayo haina sinki wala choo na haimpotezi mtu, iwe samawati.

"Rangi tatu!" shemeji akasema. "Tunapaka bafu au tunashona bendera?"

"Wewe paka. Kushona niachie mimi."

Dukani, binti wa kucha za rangi alikipokea kipande cha joho, akakitazama juani na kivulini. Alidondosha matone ya rangi kali kwenye kopo la rangi ya msingi, akalifunga, akalitia kwenye mashine inayotikisa mpaka meza nzima ikatetemeka. Alipofungua, rangi ilikuwa imeelekea kahawia. "Bado," Mama Nyuzi alisema, pua yake karibu iguse rangi. Tone la nyekundu. Mashine. "Bado kidogo." Tone jingine. Binti akachovya kidole, akakipaka pembeni mwa kitambaa, wakainamisha vichwa. Hukuweza kuona kitambaa kinaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Walipiga kelele kwa pamoja, na mteja aliyekuwa akinunua misumari akageuka kuangalia nani kapata ajali.

Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa wa kutisha, lazima niseme. Ukuta ulitoka mabakamabaka, waridi huku, kahawia kule, kama mtu aliyeungua jua. Shemeji alikohoa tu, kikohozi cha mtu aliyekwisha kukuonya. Mama Nyuzi alikwenda kukaa kwenye cherehani bila kushona chochote. Mama mkwe akamfuata.

"Umewahi kupika uji wa watoto mia tano?"

"Hapana, Mama."

"Mwanzoni ni maji na mabonge. Anayechungulia sufuria wakati huo hukata tamaa. Acha kuchungulia."

Mkono wa pili ulipoanza kukauka, shemeji mwenyewe ndiye aliyeita. "Shemeji! Njoo. Njoo upesi!"

Ukuta ulikuwa umeiva. Ulikuwa mzito na wenye joto, na kuta za manjano zilikuwa zinaumwagia mwanga kutoka pande zote. Mbele yake sinki lilisimama jeupe kana kwamba limewashwa taa. Na juu, dari ile ya samawati ilifanya chumba kionekane kimepanda urefu. Mama Nyuzi alizunguka hapo katikati, mikono imenyooshwa, vidole vikikaribia kugusa rangi mbichi.

"Usiguse!" shemeji alimaka. Kisha akacheka. "Nimepaka nyumba za watu maisha yangu yote, sijawahi kumwona mtu anafurahia choo namna hii."

Mume alirudi kutoka safari akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kabla hajashusha begi, mama yake alimshika mkono. Yeye, aliyezoea kukataa kushikwa, ndiye aliyemwongoza mwanawe ukumbini.

"Simama hapo. Tazama. Sinki." Akaligusa. "Choo." Akakigusa. "Taulo yangu." Akaichukua msumarini bila kupapasa. "Sabuni, ile pale, ya kijani, haijaanguka tangu juzi."

Dereva alitazama ukuta, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe.

"Mama, kwani ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa naona. Nyinyi ndio mlikuwa mmeficha vitu."

Dereva alitoka akaenda kuzunguka lori lake akipiga teke matairi, kama afanyavyo akitaka kulia na watu wapo. Aliporudi alimwambia mkewe jambo moja tu: "Na sahani zetu? Si nyeupe zote? Na wali?"

"Nimekwisha kununua za bluu," Mama Nyuzi alisema, uzi mwekundu ukining'inia sikioni.

Asubuhi iliyofuata dereva alitaka kuoga aende kazini. Akagonga mlango wa bafu.

"Kuna mtu!" sauti ya kuita watoto mia tano ikajibu kutoka ndani.

"Mama, utachelewa kutoka?"

"Sana!"

Maji yakaanza kumwagika, na wimbo mmoja mrefu wa jikoni ukaanza pamoja nayo. Dereva alikaa sakafuni ukumbini, taulo shingoni. Mkewe akaja na mswaki wake akakaa karibu naye, wakasubiri zamu.