Margwe Aliyebeba Moto wa Ndugu Yake

Huko Tumati mtu akitengwa na wazee hachapwi wala hafungwi. Anaachwa tu. Hasalimiwi, haazimwi moto wala jembe, hasaidiwi kuvuna, na anayekwenda kumhurumia hutozwa faini ya dume la ng'ombe. Waliosoma hucheka wakisikia, mpaka siku wapige yowe la msaada asitokee mtu. Margwe aliishi hivyo miaka mitatu na zaidi, kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kosa lenyewe lilikuwa la mdogo wake, Evarist. Baba yao alikufa Evarist akiwa bado ananyonya, kwa hiyo Margwe ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akichunga, na baadaye akaacha shule ili mdogo asome. Evarist akakua na sauti nzuri na maneno matamu, hata waumini wa kigango, kanisa dogo la kijiji, wakamchagua aende kusomea ukatekista, kazi ya kufundisha dini. Zilipobaki wiki chache asafiri, katikati ya kiangazi, akaenda kurina asali kwenye miti inayozunguka chemchemi. Miti ile haikatwi wala haichomwi. Ndipo wazee huombea mvua, na Wakristo nao wanaiheshimu, maana maji hayana dhehebu. Kijinga cha moto alichofukizia nyuki kikamponyoka. Kufikia alasiri miti yote ilikuwa mkaa, na chemchemi ikaanza kupungua.

Evarist alimkimbilia kaka yake akinuka moshi.

"Kaka, wakijua, ukatekista ndiyo basi. Nibebee tu mpaka nirudi kutoka masomoni. Nikishapewa kazi nitasema mwenyewe mbele ya watu wote. Haki ya Mungu nitasema."

Margwe hakuwa msomi wa Biblia. Lakini tangu utoto alikuwa ameutazama msalaba wa kigango, na alichoelewa ni kimoja: anayependa ndiye anayelipa. Wazee walipoitana, akasimama. "Hilo kosa niwekeeni mimi," akasema. Hawakumwuliza mara ya pili, wakamtenga.

Siku ile ile alimweleza mkewe, Hilaria, ukweli wote. "Damu ni nzito kuliko maji," alimwambia. "Tutaona," akajibu Hilaria, akabeba ndoo kwenda kuteka maji bonde la pili, kwa kuwa wanawake wenzake hawakuruhusiwa kupanga foleni naye.

Evarist akaenda, akasoma, akarudi katekista. Jumapili ya kwanza hakusema kitu. Margwe akajiambia, bado anaona haya. Mavuno yakapita, na kijana bado anaona haya tu! Halafu ng'ombe wa maziwa wa Margwe akateleza na kutumbukia korongoni. Margwe akapiga yowe. Watu wakaja mbio na kamba, wakafika ukingoni, wakaona ni nani, wakageuka. Evarist naye alikuwemo. Alisimama kidogo, akamtazama kaka yake aliyezama kwenye tope mpaka magotini, ameshika pembe za ng'ombe kwa mikono miwili. Kisha akafunga vifungo vya koti lake na kuondoka na wenzake. Ng'ombe alikufa jioni.

Hata hilo Margwe alilimeza. Lililomkwama kooni ni la Ijumaa Kuu. Padri alikuwa kigango kingine, kwa hiyo Evarist ndiye aliyeongoza ibada. Margwe alikaa nyuma, benchi zima peke yake. Evarist alihubiri vizuri, haki yake tumpe. Alieleza jinsi Asiye na kosa alivyobeba makosa ya wengine, mpaka akina mama wakajifuta machozi. Kisha akasema, "Na tuwaombee wenye mioyo migumu kati yetu, waliochoma tulichopewa na Mungu, ili nao watubu." Vichwa vikageuka nyuma, na Margwe akainamisha uso wake uliokuwa unawaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile kilikuwa kimevaa kanzu nyeupe.

Mwaka wa tatu Oliva, binti yao wa pekee, akachumbiwa na kijana wa Maretadu. Wazazi wa kijana walisema wazi kwamba binti wanampenda, ila hawawezi kuingia kwenye nyumba iliyotengwa. Margwe akaomba asamehewe. Wazee wakakubali, kwa sharti kwamba achinje kondoo, ashike udongo wa pale chemchemi, na aape kwa Mungu kuwa mkono wake ndio uliowasha moto.

Hapo ndipo penye ugumu. Kubeba kosa alikuwa amebeba. Kumwita Mungu awe shahidi wa uongo ni jambo jingine, na Margwe aliliogopa hilo kuliko njaa. Ilibaki njia moja tu, Evarist aseme. Asubuhi ya kikao Margwe alivaa shati lake la kanisani, maana moyoni aliamini kabisa kwamba leo mdogo wake atasema.

Mzee Hhando, kiongozi wa wazee, akamtia udongo kiganjani. "Haya mwanangu. Apa, watu wale kondoo."

Margwe alimtazama Evarist, aliyekaa upande wa ndugu. 

"Katekista," akasema Hhando, "huyu ni kaka yako. Una neno?"

Evarist akakohoa. "Sina neno, mzee. Kaka, apa tu, yaishe."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuahidi kitu. Jina la Evarist lilimjaa Margwe mdomoni, na alitamani kulitema pale pale, liwapige wote usoni. Akafungua kiganja, udongo ukamwagika. "Siapi," akasema. "Niacheni nilivyo." Akaondoka, na nyuma yake wazee wakanung'unika kwamba ni mtu wa kiburi.

Nyumbani aliwaeleza mkewe na binti yake yaliyotokea. Oliva akaingia chumbani. Hilaria ndiye aliyesema.

"Baba Oliva, wewe unataka kufanya kama Yesu. Yesu hakuwa na binti."

 Margwe alidhani amejitoa yeye, kumbe alikuwa amewatoa na wao, na hakuwa amewauliza.

Jioni Evarist akaja. Alipita katikati ya mahindi, akatokea nyuma ya nyumba. "Shikamoo, kaka," akanong'ona. Tangu kikao kile cha kwanza hakuwa amemwamkia. "Nimekuja kukushukuru. Umenisitiri tena. Mungu atakulipa."

"Usimtume Mungu," akasema Margwe kwa hasira. "Mimi nilikubali kufa kwa ajili yako, Evarist, na wewe ukaja kunizika. Sitakutaja. Nikishatoa nimetoa. Lakini shukrani ya mahindini siitaki. Ukitaka kuniamkia njoo mchana, upite mlango wa mbele, watu wakuone."

Evarist akatazama barabarani, akatazama viatu vyake. "Jumapili nina ubatizo, kaka," akasema, akarudi kwa njia ya mahindini.

Margwe akazunguka nyumba, akaufungua mlango wa mbele, akaketi akiutazama. Ulikaa wazi mpaka giza lilipoingia. Hilaria ndiye aliyeufunga.