Mkutubi wa Keumbu na kurasa zilizorukwa

Ni asubuhi ya siku ya soko mjini Keumbu, kaunti ya Kisii, na Ombati, fundi wa pikipiki, amesimama mlangoni mwa maktaba akiwa amenyoosha mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mkutubi, Persis Mong'ina, anaitazama, anaigeuza, kisha anatikisa kichwa.

"Rudi kwa beseni. Hiyo bado ni grisi."

Ombati anacheka na kurudi nje kujisugua upya. Anaporuhusiwa kuingia, anataka kitabu "chenye mbio" kama kile cha mwisho. Persis hampi. Anamuuliza kwanza kama yeye na kaka yake bado hawasemezani kwa sababu ya shamba.

Bado.

Basi anachomoa riwaya kwenye rafu ya dirishani. Ni ya ndugu wawili waliorithi kinu kimoja cha kusagia mahindi.

"Mmoja anafunga kinu mchana, mwingine anakifungua jioni," anamwambia. "Usiniulize nani ana haki. Nimeisoma mara mbili na kila mara nimehama upande."

Ombati anashuka ngazi akiwa ameshaanza kusoma jalada la nyuma.

Maktaba hii ya jamii ni vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo. Vitabu vyake vingi ni vya kiada na vya marudio ya mitihani. Rafu ya dirishani ndiyo tofauti. Hapo Persis, 47, ameweka riwaya za miaka ya karibuni, za Kiswahili na za Kiingereza, zilizoshinda tuzo au kusifiwa na wahakiki. Nyingine zimenunuliwa kwa michango. Nyingine zimeletwa na wenyeji wanaofanya kazi Nairobi, ambao yeye huwasumbua kwa simu hadi wanakubali.

Huwezi kumsikia akimtajia msomaji jina la tuzo. Hata jina la kitabu hulitaja mwisho.

"Jina la kitabu halimwambii mtu kitu," anasema. "Mwambie kuna mama ndani amegombana na mkaza mwanawe kwa sababu ya sufuria. Hapo atavuta kiti."

Persis alizaliwa Masimba na kwa miaka mingi alishona sare za shule, kazi anayoifanya jioni hadi leo kwa sababu posho ya maktaba, shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi, haimtoshi yeye na wanawe. Alisomea cheti cha ukutubi mjini Kisii akiwa tayari mama. Anakiri kwamba wakati huo riwaya za tuzo alizikwepa.

"Nilidhani zimeandikiwa maprofesa," anasema.

Mambo yaligeuka mamake alipolazwa hospitalini. Persis alikaa kando ya kitanda akiwa na kitabu kimoja tu, riwaya aliyoiokota kwenye sanduku la msaada. Kwa kuwa mamake alipenda kusikia sauti, aliisoma kwa sauti. Siku ya tatu, mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke ambaye hawakuwa wamewahi kusalimiana naye vizuri, aligeuza shingo na kusema, "Huyo mwanamke unayemsoma ni mimi."

"Sijawahi kusahau," anasema Persis. "Mwandishi hakumjua. Mimi sikumjua. Lakini alikuwa ndani."

Hata hivyo, mwaka juzi rafu hiyo iliponea chupuchupu.

Mzazi mmoja alimkuta bintiye wa sekondari akisoma riwaya yenye sura ya msichana anayepata mimba. Alikipeleka kitabu kwa kamati ya maktaba, akasema mahali hapa pameanza kufundisha uchafu. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Anyona Obwocha, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alimuunga mkono. Iliamuliwa kwamba rafu itolewe na nafasi yake ichukuliwe na vitabu vya marudio. Kilichobaki ni mkutano wa mwezi uliofuata kuidhinisha.

Persis alirudi nyumbani akiwafikiria wahusika wa rafu ile.

"Ilikuwa kama wamekuja kuhamisha watu kwangu," anasema. "Watu ninaowajua, wenye shida zao. Unawaambia nini?"

Kesho yake alimfuata Mwalimu Obwocha nyumbani kwake, akamkuta akipogoa migomba. Alimwomba jambo moja: asome kitabu kimoja kabla ya mkutano.

"Nimeshaambiwa yaliyomo," Mwalimu alimjibu.

"Mwalimu, na wewe ulikuwa unamwadhibu mwanafunzi kwa kuambiwa tu?"

Mzee aliweka panga chini. Kisha alinyoosha mkono.

Kitabu alichompa kilikuwa ndicho kile kile kilicholalamikiwa. Ni hadithi ya binti anayerudi nyumbani kumzika babake baada ya miaka mingi, akiwa na mtoto ambaye hakuna aliyejua kuwa amezaliwa. Sehemu kubwa inatokea ndani ya siku chache za matanga, na mama yake hamuulizi hata swali moja.

Mwalimu alikifunga kwa gazeti asije akaonekana nacho. Persis alisubiri. Wiki moja ikapita, ya pili ikaingia, na hakuna neno.

Siku ya soko, aliyepanda ngazi hakuwa Mwalimu. Alikuwa mkewe, Mama Loice, na kikapu chake cha mboga. Mama Loice hakupata kusoma shuleni. Anajua kuandika jina lake tu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia maktaba.

"Wewe ndiye Persis?" aliuliza kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, bado akihema. "Nimekuja kuuliza. Yule mtoto ametoka wapi?"

Persis hakuelewa. Mama Loice akakaa, akaeleza. Mumewe alikuwa akimsomea ile riwaya kila Jumapili mchana, yeye akichambua maharagwe. Aliigeuza kutoka Kiswahili hadi Ekegusii papo kwa papo, kazi ambayo si ndogo, maana hata neno "baba" kwa Kiswahili ni mzazi wa kiume, na kwa Ekegusii ni mama. Lakini Mama Loice alikuwa ameona pengo.

"Jumapili ile binti alikuwa msichana yuko mjini, hana mtu. Jumapili hii ameshuka kwa gari na mtoto mgongoni. Nikamuuliza mzee, mtoto ametoka wapi? Akaniambia, ametoka kwa kitabu." Alimkazia Persis macho. "Mimi nimezaa saba. Watoto hawatoki kwa kitabu."

Mwalimu alikuwa ameruka kurasa.

Persis alivuta kiti karibu na kumsimulia sura iliyorukwa, kwa Ekegusii, bila kuficha wala kutia chumvi: mwanamume aliyeahidi, chumba cha kupanga, miezi ya kujificha. Mama Loice alisikiliza huku ameshika mkono wa kikapu.

"Huo si uchafu," alisema hatimaye. "Hayo ni yaliyompata." Kisha, kwa sauti ya chini: "Dada yangu alirudi nyumbani hivyo. Hatukumuuliza. Mpaka alipokufa hatukumuuliza."

Alipangusa macho kwa ncha ya leso, akanyanyua kikapu. Mlangoni aligeuka. "Nitamwambia mzee arudi nyuma."

Na alirudi nyuma. Mwalimu Obwocha, 74, anayasimulia hayo leo akiwa barazani pake, mkewe akicheka jikoni.

"Nilisoma zile kurasa nikiangalia ukuta," anasema. "Nilifikiri ataondoka. Nikamaliza, nikamtazama, akaniambia endelea. Jioni hiyo ndipo aliponieleza habari za dada yake. Tumeoana miaka hamsini na sikuwa nazijua."

Kwenye mkutano alisimama na kusema rafu ibaki. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba wanafunzi waziazime riwaya hizo kwa idhini ya mzazi. Wajumbe wawili walipinga, lakini hoja ikapita.

Si kila kitu kilikwisha vizuri. Mzazi aliyelalamika alimtoa bintiye maktabani, na msichana huyo hajaonekana tena.

"Alikuwa msomaji wangu mzuri sana," anasema Persis. "Nikikutana naye sokoni ananisalimia kwa macho tu. Hilo bado linaniuma."

Kuhusu riwaya yenyewe, Mwalimu bado ana kesi na mwandishi. "Amemaliza kabla ya kumaliza," analalamika. "Mama anafungua mdomo aongee, na kitabu kinakwisha! Huo si uungwana." Mkewe anamjibu kutoka jikoni kwamba yeye anajua mama alitaka kusema nini, na kwamba hatamwambia.

Kisa cha Mama Loice kilimpa Persis wazo. Mwezi ujao anataka kuvuka hadi Nyamira, kwenye kituo kimoja cha kukusanyia majani chai, ambapo wakulima huketi kwa muda mrefu na vikapu vyao wakisubiri lori la kiwanda. Wengi wao hawasomi, au waliacha kusoma walipoacha shule. Karani wa kituo ameshampa ruhusa ya kukaa hapo kila Jumanne na kuwasomea riwaya kwa sauti, kidogo kidogo, kwa Ekegusii.

Hajaamua aanze na kitabu gani. Mezani pake kuna viwili, na amekuwa akivibadilisha tangu juma lililopita.

"Watakuwa wamechoka, miguu ina matope, na lori limechelewa," anasema. "Mtu wa namna hiyo ukimletea kitabu cha kumbembeleza, atajua unamdanganya. Mimi nataka kile ambacho lori likifika, watakasirika."