Tulivyoomba kibali cha kuunganisha nyumba na barabara kubwa, na gari hatuna

Wakuu, heshima kwenu nyote. Na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Juzi mwenzetu mmoja alileta uzi hapa, analia kuhusu kibali cha kuunganisha kiwanja chake na highway. Wamemzungusha mpaka basi. Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni, halafu machozi yakanitoka, watoto wakaniuliza mama kuna nini.

Ndiyo maana naandika. Hii si chai. Ni mambo ya nyumbani kwetu, Rusizi, Rwanda, enzi hizo tukipaita Cyangugu. Anayetufahamu atatujua tu, haina shida.

Tulieni nianze taratibu.

Sisi ni Wanyarwanda wa Bukavu. Papa alivushwa kwenda Kongo akiwa mtoto, mgongoni kwa mama yake. Mimi nikazaliwa huko huko. Nilikua nikiviona vilima vya Rwanda ng'ambo ya ziwa, asubuhi vya buluu, jioni vyeusi, na Papa akisema kule ndiko kwetu. Mimi nilidhani "kwetu" ni kitu cha kutazama tu, kama mwezi.

Vita ilipoingia Bukavu mwishoni mwa miaka ya tisini, tukavuka.

Papa akapata kipande cha ardhi ya baba yake, juu ya barabara ile inayoshuka Bugarama. Tukajenga nyumba ya udongo, bati juu, maisha yakaanza. Shida ikawa moja. Mashine za barabara zilikuwa zimepita pale zikachimba mtaro mrefu mbele ya kiwanja, na ukingo umekatwa wima kama keki. Kutoka barabarani huwezi kupanda kwetu.

Kwa hiyo tulipita kwa jirani, Maman Furaha. Unaingia uani kwake, unapita kati ya migomba, unamkwepa mbuzi wake mwenye hasira, unainama kwenye tundu la ua wa miti, unatokea kwetu. Maman Furaha hakuwahi kununa. Alikuwa mtu wa Nyakabuye, mnene, mcheshi, kila tukipita anatuuliza tumebeba nini.

Sisi tuliona sawa tu. Mpaka Koko alipofika.

Koko ndiye bibi yangu, mama yake Papa. Alikuwa amebaki Bukavu kwa shangazi mpaka hali itulie, kisha Papa akaenda kumleta. Macho yalishaingia ukungu, anaona vivuli tu. Furushi lake moja la kitenge, kalikumbatia kifuani.

Tukampitisha kwa Maman Furaha kama kawaida. Tukamwinamisha kwenye tundu. Tukamkalisha kwenye mkeka, tukamletea chai ya maziwa.

Akanywa. Furushi hakulifungua.

Siku zikapita. Nguo anavaa zile zile, namfulia usiku zinakauka karibu na moto. Nikimwambia Koko nipe vitu vyako nivipange, anakataa kwa upole, kama mtu unayemwomba begi lake akiwa kituoni. Mwisho Papa akamuuliza kuna nini.

"Miye sijafika bado," akasema. "Umenipitisha kwa bantu. Irembo yangu iko wapi?"

Kwa wale wasiojua: bantu ni watu, yaani kwa watu wengine, na irembo ni ile sehemu ya kuingilia nyumbani, nafasi kwenye ua ambapo mgeni anasimama kwanza. Nyumba za zamani huku kila mji ulikuwa na yake. Koko aliletwa kama bibi harusi akapita pale, na siku ya kukimbia alitokea pale, Papa mgongoni. Sasa anarudi, mwanaye anampitisha kwenye tundu la mbuzi.

Basi kila asubuhi akawa anaomba apelekwe ukingoni juu ya mtaro. Anakaa pale na furushi lake. Huku kwetu asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani mpaka unafunika kila kitu, huoni hata mkono wako vizuri. Malori ya saruji yanapanda kutoka Bugarama taratibu, taa zimewashwa, unaona duara mbili za njano zinaelea bila lori. Koko anasikiliza. Watu wakipita chini wakimsalimu, wakimuuliza anafanya nini, anajibu anangoja.

Mimi nilikuwa nikimfuata na kikombe cha uji, nikikaa naye. Siku nyingine ukungu ukizidi nilikuwa sijui tena tuko upande gani wa ziwa. Nilihisi tumekaa mahali ambapo si Kongo wala si Rwanda, sisi wawili na malori.

Ila alikuwa anapungua, wakuu. Kifua kinakohoa, mikono imebaki mifupa. Papa akaanza kuogopa, akaniambia waziwazi: anaogopa mama yake atakufa akiwa bado msafiri, juu ya ardhi yake mwenyewe.

Ndipo tukaingia kwenye hiyo process mnayoilalamikia.

Ukitaka kufukia mtaro wa barabara ya serikali na kuweka kivuko cha kupita juu yake, lazima kibali. Mimi ndiye nilikuwa na Kifaransa cha shule, kwa hiyo barua niliandika mimi, na mchoro nikachora mimi. Nyumba niliichora kubwa kuliko ilivyo, nikaweka na maua ambayo hatukuwa nayo.

Ofisini tulimkuta karani mmoja mstaarabu tu, miwani imeshuka puani. Akasoma, akageuza karatasi, akauliza gari letu ni la aina gani. Papa akasema hatuna gari. Karani akasema kibali hiki ni cha magari kuingia na kutoka barabara kubwa, lazima aandike kitakachopita.

"Andika mama yangu," Papa akamwambia.

Karani akavua miwani. Akamtazama Papa, sikujua kama anataka kutufukuza au vipi. Wakati ule kila mtu Cyangugu alikuwa na mtu wake aliyemngoja, kutoka msituni, kutoka ng'ambo, au asiyerudi tena. Alichokiandika pale sikukiona. Akasema tu injinia wa barabara atakuja kupima.

Tulisubiri sana. Ng'ambo vita ya pili ikaanza, siku nyingine tunasikia milio Bukavu kama mtu anapiga mlango mzito. Koko akisikia anageuza kichwa, kisha anarudi kwenye malori yake.

Injinia akaja siku ya ukungu mzito, kijana mrefu na buti. Hapo ndipo Papa alipoharibu.

Papa alitaka kivuko kiwe mahali pale pale pa irembo la zamani. Alishapatafuta mpaka akapata kisiki cha umuvumu, ule mti uliokuwa ukipandwa kwenye miji ya wazee. Akaapa irembo lilikuwa hapo. Tatizo hapo ni kwenye kona.

Injinia akakataa. Akasema lori likitokea huku, dereva hamwoni anayetoka kule. Papa akaanza hotuba ndefu kuhusu baba yake, injinia akamwomba washuke wasimame barabarani wasikilize. Wakashuka kwa kuteleza kwa makalio. Papa bado anahutubia, duara mbili za njano zikatokea kwenye ukungu, karibu kweli kweli.

Wote wawili walijikuta mtaroni, kwenye maji. Injinia kapoteza kofia. Papa alipotoka, hotuba ilikuwa imeisha.

Wakapanga sehemu ya chini zaidi, barabara iliponyooka, karibu na ua wa Maman Furaha. Kibali kikapita. Badala ya kufurahi, Papa hakula jioni ile. Alijua mama yake atakataa, maana si pale penyewe.

Nikasema mimi nitamwambia. Nikaenda ukingoni, nikamweleza yote, kona, lori, kofia ya injinia. Koko akacheka mpaka akakohoa. Akasema mzee wake alihamisha irembo zaidi ya mara moja, safari moja kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa akigoma kupita. Mahali si neno, alisema. Mradi iko yetu.

Nikampelekea Papa habari. Hakuamini.

Basi kazi ikaanza. Mabomba ya zege ya kupitisha maji tukayalaza mtaroni, vijana wa jirani wakasaidia, mawe juu, udongo juu, tukashindilia kwa miguu tukiimba. Ukingo tukaukata ukawa mteremko. Pande zote mbili tukapanda miyenzi, ile miti ya ua yenye utomvu kama maziwa. Nilipotazama kutoka barabarani niliona nyumba yetu kwa mara ya kwanza kutoka mbele. Ilikuwa na uso. Nilifurahi vibaya sana.

Siku ya Koko ikafika, asubuhi, ukungu wake ule ule.

Tulipendeza, wakuu. Papa na koti. Maman Furaha na kitenge kipya na familia yake yote. Wadogo zangu wameogeshwa. Tukamtoa Koko kwa njia ya mbuzi kwa mara ya mwisho, tukamshusha barabarani, tukajipanga nyuma yake kama harusi. Mimi nimemshika mkono, furushi kifuani kwake.

Akapanda juu ya kivuko. Akapapasa miyenzi kwa mkono, kushoto, kulia. Akasimama. Akasafisha koo, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Yemwe abo mu rugo!"

Yaani enyi wa humu nyumbani.

Kimya.

Akaita tena. Tunasikia maji tu yakipita chini ya miguu yetu. Papa akamnong'oneza, Maman ingia tu, ni kwako. Koko hakusogea. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Nitaingia namna gani?" akasema. "Hakuna muntu mu nyumba. Bote muko hapa na miye."

Jamani.

Sisi watoto wa Kongo, tulihangaika na mabomba, na kona, na kibali, na hakuna hata mmoja aliyewaza kubaki ndani. Tulimjengea mlango, tukasahau mtu wa kuitika. Hata Papa hakujua, alitoka pale mgongoni akiwa mdogo mno.

Nikauweka mkono wa Koko kwenye mkono wa Papa, nikakimbia.

Kwa kivuko singeweza, ningempita yeye. Nikashuka kwa Maman Furaha, nikaruka migomba, mbuzi akanifukuza, kandambili moja ikabaki, nikapenya tundu la ua kwa kichwa. Nikatokea uwanjani kwetu natweta, magoti yana matope.

Nilisimama pale peke yangu. Ukungu umejaa uwanja, nyumba iko nyuma yangu, wao siwaoni. Na niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Kwa kitambo kidogo nilijiona kama mimi ndiye niliyeachwa pale siku walipokimbia. Kwamba nilibaki miaka yote nafagia uwanja, nachochea moto, nangoja. Sikuogopa. Ilikuwa kama ndoto ambayo hutaki mtu akuamshe.

Akaita mara ya tatu.

Kinyarwanda chote kilinipotea. Nikajibu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kwa nguvu zangu zote:

"Tuko! Ingia, Koko! Tulikuwa tunakungojea!"

Nikasikia fimbo yake kwenye mawe. Akatokea mdogo mdogo kwenye ukungu, akaja mpaka kwangu, akaniuliza muko bazima bote, nikamwambia tuko bazima bote. Akanikumbatia vile watu wanakumbatiana baada ya miaka mingi, ingawa uji nilimpa asubuhi ile ile. Nililia mpaka nikaona aibu.

Kisha akauliza nyumba iko upande gani, akaingia, akakaa, akafungua furushi. Kitenge kimoja, kikombe cha bati, na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kitambaa. Akanipa maharage, akasema mvua iko karibu, nisilale.

Koko aliishi miaka kadhaa tena. Alinenepa hata. Ukingoni hakwenda tena, alisema malori yana kelele.

Tangu hapo kwetu ni sheria. Mtu akirudi, mmoja anabaki ndani. Mimi niliolewa mbali, na kila nikija wote wanakuja kunipokea barabarani isipokuwa Papa. Nasimama juu ya kivuko, naita, na yeye anaitika kutoka ndani.

Mwaka jana Papa alifariki.

Nilifika asubuhi. Ndugu wote walikuwa barabarani, wananishika, wanalia. Nikapanda kivuko. Sikuita. Ningemwita nani? Nikasimama tu kati ya miyenzi, ambayo siku hizi inanipita urefu.

Ikasikika sauti kutoka ndani. Sauti nzito, ya kizee, inatweta.

"Tuko! Ingia, mtoto. Tulikuwa tunakungojea."

Maman Furaha. Na miguu yake ile mibovu, alikuwa amezunguka kwake, akapita kwenye tundu la ua.

Basi wakuu, nilichojifunza mimi ni hicho. Fuatilia kibali chako, usikate tamaa, sikiliza injinia akikwambia kona ni kona. Lakini siku ya kuwapokea watu wako, mtu mmoja abaki ndani.

Na wewe uliyerudi kwenu baada ya miaka, nani alikuitikia? Nipo hapa, nasoma zote.